Jinsi ya kuelekeza dishi la televisheni kambini

APIGAYE kambi Maasai Mara hutafuta kwanza kivuli cha mgunga. Kivuli hicho hicho ndicho adui mkubwa wa dishi la setilaiti.

Setilaiti za televisheni hukaa juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Zile zirushazo matangazo ya DStv Afrika Mashariki ziko nyuzi 36 mashariki, karibu juu ya utosi wa Kenya. Kutoka Mara, mwinuko wake ni takriban nyuzi 88. Jijini London, setilaiti ya matangazo ya Sky huwa kwenye mwinuko wa nyuzi 25 tu. Kwa hivyo, maelekezo yaliyoandikiwa Ulaya humpotosha mtu huku: kilima kilicho kando hakizuii kitu, bali tawi lililo juu.

Mguu wa dishi usimamishwe wima kwa pimamaji, kisha ukandamizwe kwa mawe. Dishi la kawaida hupokea mawimbi kwa mshazari, hivyo lisilazwe chali kabisa. Lisogezwe kidogo kidogo, likiachwa sekunde chache kila mara, huku mtu mwingine akitazama kipimo cha ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi. Kipimo cha nguvu pekee hudanganya, kwani hupanda hata dishi likinasa setilaiti nyingine.

Picha ya HD haififii polepole. Huganda, kisha hutoweka. Aliyeipata asikomee hapo. Aendelee hadi ubora ufike kilele, la sivyo mvua ya jioni itamkatizia mechi.