Kinu Ambacho Hakikujengwa: Serikali ya Afrika Kusini na Mradi wa PBMR, 1993–2010

Mwezi Septemba 2023 nilikuwa likizoni nyumbani Huye redio ilipotangaza kwamba Bodi ya Nishati ya Atomiki ya Rwanda imetia saini makubaliano na kampuni ya Dual Fluid, iliyoanzishwa na wanasayansi wa Kijerumani, ili kinu kidogo cha nyuklia cha majaribio kijengwe nchini mwetu. Mama aliacha kuchambua maharage akaniuliza: "Umeme wake utafika hapa lini?" Sikuwa na jibu. Mdogo wangu, anayesomea uhandisi wa nyuklia nchini Urusi kwa ufadhili wa serikali, alilijibu swali hilo kwa simu siku ile ile: kinu hicho kwanza ni cha kuthibitisha kwamba teknolojia yenyewe inafanya kazi. Umeme ni hadithi ya baadaye.

Mimi si mhandisi. Nasoma Kiswahili na Historia, na kazi ya mtu wa historia ni kuuliza kama jambo kama hili limewahi kutokea mahali pengine, na liliishaje. Limewahi kutokea, tena barani kwetu. Katika insha hii naeleza jinsi serikali ya Afrika Kusini ilivyogharimia kinu kidogo cha nyuklia kwa zaidi ya miaka kumi, kikafa kabla msingi wake haujachimbwa. Hoja yangu ni kwamba sayansi peke yake haikukiua. Mradi ulikufa kwa sababu serikali ilikuwa mwenye mali, mlipaji na mnunuzi kwa wakati mmoja, na kwa miaka mingi hakukuwa na mtu wa nje mwenye fedha zake mwenyewe wa kuuliza kama kazi iendelee.

Kinu chenyewe kilizaliwa Ujerumani. Mwanafizikia Rudolf Schulten alibuni kinu ambacho fueli yake haifungwi katika fimbo ndefu kama ilivyo kawaida, bali imo ndani ya matufe ya grafiti. Kila tufe lina kipenyo cha milimita 60, karibu sawa na mpira wa tenisi, na ndani yake mna chembe ndogo za urani zipatazo 15,000, kila moja imefunikwa kwa tabaka kadhaa za kinga. Matufe hujazwa juu ya pipa kubwa, yakashuka polepole na kutolewa chini, na gesi ya heliamu hupita katikati yake kuchukua joto. Wenzangu niliowaeleza jambo hili walicheka wakakiita kinu cha gololi, na nadhani jina hilo linatosha kabisa. Uzuri wake, walivyodai watetezi, ni kwamba hata mashine zote za kupoza zikizimika, kinu kitapoa chenyewe bila fueli kuyeyuka.

Wajerumani walijenga viwili. Cha kwanza, AVR huko Jülich, kilikuwa cha megawati 15 na kilitoa umeme kuanzia 1967 hadi 1988. Cha pili, THTR-300 huko Hamm, kilianza kujengwa 1971, kikaunganishwa na gridi 1985 na kufungwa 1989. Mei 1986, siku chache baada ya ajali ya Chernobyl, kilivujisha vumbi lenye mnururisho, na baada ya hapo siasa ya Ujerumani haikukihurumia tena. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 palikuwa na michoro, vipimo na ujuzi wa miaka ishirini ambao mwenyewe hakuutaka.

Afrika Kusini iliutaka. Mwaka 1993 shirika la umeme la nchi hiyo, Eskom, lilianza kuchunguza teknolojia hii. Mwaka huo una maana yake. Mwezi Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alilitangazia bunge kwamba nchi yake ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia kwa siri na kisha kuyavunja yote. Nchi ilibaki na wataalamu wengi wa nyuklia ambao kazi yao ya awali imefutwa. Ilikuwa pia na Koeberg karibu na Cape Town, kituo cha vinu viwili vikubwa ambacho hadi leo ndicho pekee barani Afrika kinachozalisha umeme wa nyuklia. Halafu kuna jiografia: makaa ya mawe yako Mpumalanga, mashariki, ilhali miji ya pwani iko mbali sana nayo. Kinu kidogo kinachoweza kuwekwa kimoja kimoja ufukweni, jirani na mtumiaji, kilionekana jibu la busara. Mimi mwenyewe ningekuwa afisa wa Eskom mwaka ule, nadhani ningekubali.

Mwaka 1999 kampuni ya PBMR iliundwa kubuni, kujenga na hatimaye kuuza vinu hivi duniani. Wabia walikuwa Eskom, shirika la serikali la maendeleo ya viwanda IDC, BNFL ya Uingereza na kampuni ya umeme ya Marekani ambayo baadaye iliitwa Exelon. Huyu wa mwisho ndiye aliyekuwa muhimu kuliko wote, ingawa hisa zake zilikuwa chache. Alikuwa kampuni ya umeme iliyofikiria kuvijenga vinu hivi kwake na kuuza umeme wake, yaani mteja halisi. Aprili 2002 Exelon ilijitoa.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Katika biashara ya kawaida, mteja wa kwanza akiondoka unafunga duka au unabadili bidhaa. PBMR haikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu palikuwa na mlipaji mwingine, hazina ya serikali. Kuanzia 2004 Waziri wa Mashirika ya Umma, Alec Erwin, aliushika mradi kama wake. Serikali ikasema Eskom itanunua vinu vya kutosha kutoa megawati 4,000 hadi 5,000. Kinu kimoja kilipangwa kutoa megawati 165, kwa hiyo tunazungumzia vinu 24 hadi 30. Vilikuwa vimeagizwa kwa maneno kabla kimoja hakijasimama, na aliyeagiza ni yule yule aliyekuwa akilipia utafiti.

Sisemi Erwin alikuwa mjinga au mwizi. Nimesoma hoja zake na zina uzito: nchi isiyobuni chochote itabaki kuuza madini na kununua mashine. Hoja hiyo hiyo naisikia Kigali, naisikia Dar es Salaam, na mwanafunzi mwenzangu kutoka Lubumbashi huitoa kwa uchungu zaidi kuliko sisi wote, kwa kuwa urani ya Shinkolobwe iliingia katika mabomu ya Wamarekani na haikuacha hata taa kijijini. Tatizo ni kwamba hoja nzuri ya kuanza mradi haikuambii uuache lini.

Kulikuwa na nafasi moja ya kuulizwa maswali hadharani. Juni 2003 idara ya mazingira iliidhinisha kinu cha majaribio kijengwe Koeberg. Shirika la wanaharakati la Earthlife Africa la Cape Town lilikwenda Mahakama Kuu, na Januari 2005 mahakama ilifuta kibali hicho. Sababu haikuwa hatari ya kinu. Eskom ilikuwa imewasilisha ripoti ya mwisho ya athari kwa mazingira, tofauti na ile ambayo wananchi waliitolea maoni, na mkurugenzi mkuu aliamua bila kuwapa Earthlife nafasi ya kusikilizwa juu ya ripoti hiyo. Mahakama iliamuru wasikilizwe kwanza.

Wapo wanaosema wanaharakati ndio walioua mradi kwa kuuchelewesha. Sikubaliani. Miaka mitano baada ya hukumu hiyo kampuni bado ilikuwa ikibadilisha kinu chenyewe. Mpango wa asili ulikuwa heliamu yenye joto la nyuzi 900 iendeshe turbini moja kwa moja, jambo ambalo hata Wajerumani hawakulifanya. Wao walichemsha maji wakatumia mvuke. Mwaka 2008 Rainer Moormann, mtafiti wa Jülich kwenyewe, alichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba baadhi ya sehemu za AVR zilikuwa zimepata joto kali kuliko lililokadiriwa na kwamba kinu kilichafuka vibaya kwa mnururisho. Mwaka 2009 PBMR iliachana na turbini ya heliamu, ikachagua kinu kidogo zaidi cha mvuke, cha megawati 200 za joto, kwa matumizi ya viwandani. Baada ya miaka kumi, kampuni ilikuwa imerudi kwenye meza ya mchoraji. Leseni ya kujenga haikuwahi kutolewa.

Wakati huo huo nchi iliingia gizani. Januari 2008 mgao wa umeme ulifikia hadi migodi ya dhahabu kusimamisha kazi. Eskom ilihitaji umeme wa haraka na haikuwa na fedha wala subira kwa kinu cha kwanza cha aina yake. Ni kejeli chungu: mradi uliozaliwa ili umeme usipungue uliachwa kwa sababu umeme umepungua.

Februari 2010 bajeti haikuwa na fedha mpya za PBMR. Tarehe 16 Septemba 2010 waziri aliyekuwa na wizara ile ile ya Erwin, Barbara Hogan, aliliambia bunge kwamba basi. Hotuba yake ndiyo hati ninayoipenda kuliko zote katika suala hili kwa sababu haifichi kitu. Jumla iliyotumika ilikuwa randi bilioni 9.244, takriban dola bilioni 1.3 kwa viwango vya wakati ule. Serikali ilitoa asilimia 80.3, Eskom 8.8, IDC 4.9, Westinghouse 4.9 na Exelon 1.1. Ukijumlisha serikali, Eskom na IDC, ambavyo vyote ni mfuko wa umma, unapata asilimia 94. Ili mradi uendelee zingehitajika angalau randi bilioni 30 zaidi. Hogan alitaja kwamba hakuna mteja aliyepatikana, hakuna mwekezaji mpya, na tarehe zimekuwa zikipita moja baada ya nyingine.

Kiasi cha dola nilikitazama kwa muda mrefu, kisha nikajilazimisha kukumbuka kwamba hata matajiri hujikwaa hapo. Nchini Marekani serikali iliahidi hadi dola bilioni 1.355 kwa mradi wa vinu vidogo vya NuScale uliokusudiwa kuhudumia miji ya Utah na majirani zake. Bei iliyokadiriwa ilipanda kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, miji ya kununua umeme huo haikutosha, na mradi ukafutwa Novemba 2023, miezi miwili tu baada ya redio yetu kutangaza habari ya Rwanda.

Je, fedha za Afrika Kusini zilipotea zote? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouita mradi huu ubadhirifu mtupu. Mtambo wa kupima heliamu ulijengwa Pelindaba, mwingine wa kupima joto ukajengwa Potchefstroom, na maabara ya Pelindaba ilifanikiwa kutengeneza fueli ya matufe. Kampuni ilifikia kuwa na wafanyakazi karibu 800. Ujuzi huo ulisafiri. Baadhi ya wahandisi wake wako Marekani katika kampuni ya X-energy, inayobuni kinu cha matufe na ambayo mwaka 2020 ilichaguliwa na serikali ya nchi hiyo kupewa dola milioni 80 za kuanzia.

Wachina nao walianza kwa udogo. Chuo Kikuu cha Tsinghua kiliwasha HTR-10, kinu cha megawati 10 za joto, mwaka 2000. Kisha huko Shidao Bay walianza kujenga kituo cha vinu viwili mwaka 2012, wakakiunganisha na gridi Desemba 2021, na kikaanza biashara Desemba 2023. Kinatumia mvuke. Wao pia walilipiwa na serikali, kwa hiyo siwezi kudai kwamba fedha ya serikali ndiyo sumu. Ila walijenga kidogo kwanza, wakakiwasha, wakakipima miaka kumi na zaidi, ndipo wakaomba kikubwa. PBMR ilitaka kuruka kutoka michoro hadi vinu thelathini.

Makubaliano ya Rwanda, kwa jinsi yalivyotangazwa, ni ya tahadhari zaidi: sisi tunatoa eneo na miundombinu, kampuni inabeba utekelezaji wa kiufundi. Hilo ni tofauti kubwa na kumiliki kampuni nzima. Hata hivyo kinu hicho cha fueli ya metali iliyoyeyuka, kinachopozwa kwa risasi, hakijawahi kujengwa popote, na tarehe iliyotajwa mwanzoni ilikuwa 2026. Ningependa bunge letu lijue mapema ni tarehe gani ikipita tutauliza, na nani atakayeuliza.

Nilimtumia mdogo wangu rasimu ya insha hii. Hakujali sana bilioni. Alitaka kujua wale watu 800 walikwenda wapi. Nilimwambia ninachojua: wengine ng'ambo, wengine kwenye kazi zisizohusu nyuklia kabisa. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akaomba nimtumie hotuba ya Hogan aisome na Wanyarwanda wenzake wawili anaoishi nao hosteli. Mama naye, kila nikipiga simu, bado anauliza ni lini.