Makao ya Wazee wa Kibera na Kawangware, na Namna ya Kuyapima

Katika mkutano mkuu wa mwaka huu wanachama kadha wa kadha waliuliza swali ambalo Halmashauri haikuweza kulijibu papo hapo. Je, Chama chetu kianze kuchanga fedha za kujenga nyumba ya wazee upande huu wa Nairobi, ama kijishughulishe na kuzikagua nyumba zilizopo na kuwasaidia wazee walio vyumbani mwao? Kura itapigwa katika mkutano ujao, nami nimeombwa niandike habari za zamani za jambo hili ili wapiga kura wasiingie gizani. Nimeona ni heri nianzie Kibera, kwa sababu husemwa mara nyingi kwamba kuwaweka wazee mahali maalumu na kuwatunza huko ni desturi ya kigeni iliyotufikia juzi. Sivyo. Kibera yenyewe, kwa namna yake, ilianza kuwa makao ya wazee.

Asili yake ni askari wa Kisudani. Wengi wao walikuwa wametumika chini ya Emin Pasha katika nchi za juu za mto Nile, na mwaka 1891 Kapteni Lugard akawachukua katika utumishi wa Waingereza. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, lile ambalo wazee wetu waliliita Keya, Wasudani hao walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza. Walipochakaa kwa utumishi Serikali ilijiona ina deni. Kuwarudisha Sudan hakukuwa jambo jepesi, maana walikuwa wameoa na kuzaa huku, na watoto wao hawakuijua nchi hiyo. Kuwalipa fedha za uzeeni kila mwezi kungekuwa ghali, nayo Serikali haikupenda gharama. Basi tangu mwaka 1904 hivi walianza kukaa katika pori lililokuwa upande wa kusini-magharibi wa mji, karibu na viwanja vya mazoezi ya jeshi. Wao wenyewe walipaita Kibra, yaani msitu kwa lugha ya Kinubi. Mwaka 1918 mahali hapo, penye eka zipatazo 4,197, pakatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Askari aliyekuwa ametumika miaka 12 aliweza kupewa cheti cha kujenga na kulima humo. Jina la kijiji cha Laini Saba husemwa kuwa ni ukumbusho wa uwanja wa shabaha wa askari hao.

Sasa tuyapime makao hayo kama vile mkaguzi wa leo angeyapima. Mzee wa Keya alikuwa na jiko lake na kuku wake. Alikuwa na msikiti karibu, na majirani waliosema lugha yake na kuzijua vita alizopigana. Hakuna aliyemwamsha kwa kengele. Wajukuu walimletea maji. Katika mambo hayo yote nyumba nyingi zilizojengwa baadaye kwa matofali na kwa nia njema hazimfikii. Walakini alikosa jambo moja lililo kubwa, nalo ni uhakika. Cheti chake hakikuwa hati ya kumiliki. Kilikuwa ruhusa tu, na aliyetoa ruhusa aliweza kuiondoa. Hata wajane hawakuwa na fungu lolote kutoka hazina ya jeshi, na wanawake wengi wa Kibera waliishi kwa kupika pombe kali ya Kinubi, iliyokuwa imepigwa marufuku na sheria. Sikusudii kuisifu pombe. Nasema tu kwamba Serikali ilikuwa imewaachia riziki ya uzeeni ambayo polisi walikuwa na haki ya kuimwaga.

Mwaka 1928 Kibera iliondolewa katika mikono ya jeshi ikatiwa chini ya utawala wa kiraia, na tangu hapo maofisa hawakuchoka kutafuta njia ya kuwahamisha wakaaji wake. Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, iliyofanya kazi mwaka 1932 na 1933, iliwahesabu Wanubi kuwa wakaaji kwa hisani ya Serikali tu, ingawa ilikiri kwamba Serikali ina wajibu juu yao. Baada ya uhuru mwaka 1963 watu wa makabila yote walimiminika, na mitaa rasmi kama Jamhuri, Ngei na Langata ikajengwa juu ya sehemu za ardhi ile ya zamani. Ilikuwa Juni 2017 hapo Rais Uhuru Kenyatta alipowakabidhi Wanubi hati ya jumuiya ya eka 288. Ukizilinganisha na zile 4,197, hazifiki hata sehemu moja katika kumi na nne. Na askari aliyeonyeshwa msitu mwaka 1904 hakuwapo kuipokea. Waliokuwa wazee siku hiyo ni wajukuu zake.

Habari za Kawangware ni nyingine kabisa. Hapo ni Dagoretti, nchi ya Wakikuyu, karibu na mahali Lugard alipojenga boma lake mwaka 1890, na hata wakati wa uhuru palikuwa mashamba nje ya mipaka ya mji. Yafaa tukumbuke mji wenyewe ulikuwaje. Nairobi ya wakoloni ilijengwa kwa ajili ya kijana mwenye nguvu aliyevaa kipande shingoni. Kitanda chake kilikuwa mali ya tajiri wake, na siku kazi ilipokwisha kitanda kilikwisha nacho. Mzee wa Kiafrika hakuhesabiwa kuwa mtu wa mjini. Alitazamiwa arudi kwao akatunzwe na jamaa zake katika shamba, wala hakuna aliyeuliza kama shamba lipo. Kwa hiyo hesabu ya mji haikuwa na wazee, na mahali pasipohesabiwa wazee hapajengwi kitu kwa ajili yao.

Dagoretti ilipoingizwa katika mji, wenye mashamba wa Kawangware waligundua kwamba ardhi yao imekuwa mali ya namna mpya. Walipanga vyumba vya mbao na mabati, mlango kwa mlango, wakapangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyokuwa fedha yao ya uzeeni, na mpaka leo yuko bibi anayeketi kizingitini mwishoni mwa mwezi na daftari mapajani. Lakini upande wa pili wa ukuta uleule yuko mpangaji aliyekuja kutoka Vihiga au Siaya au Machakos akiwa kijana. Amechimba misingi ya nyumba za watu, amelinda milango ya usiku, naye sasa amezeeka katika chumba cha futi kumi kwa kumi ambacho si chake. Wazee wawili, ukuta mmoja, na uzee wao haufanani hata kidogo. Tukizungumza juu ya wazee wa Kawangware kana kwamba ni kundi moja tutakosea tangu mwanzo.

Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao wengi huuita NSSF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Kwa miaka mingi uliwapa wanachama wake fedha kwa mkupuo mmoja walipostaafu, hata sheria ya mwaka 2013 ilipoleta malipo ya kila mwezi. Kibarua, mfua nguo na mchuuzi wa mboga aghalabu hawakuwamo. Kwao msaada uliokuja baadaye ni ule wa Inua Jamii, ambao tangu mwaka 2018 ulifunguliwa kwa wote waliofikia miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta Wakenya wapatao milioni 2.7 waliofikia miaka 60 au zaidi, katika watu milioni 47.6. Zanzibar ilitangulia kidogo. Ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 mwezi Aprili 2016, na huko Welezo na Sebleni kuna makao ya wazee yanayoangaliwa na Serikali.

Nyumba za wazee zinazojulikana zaidi Nairobi na kando yake si nyingi, na kwa mtu wa Kibera ziko mbali. Iko ya Cheshire huko Kariobangi. Iko Nyumba ya Wazee ya Masista Wadogo wa Maskini upande wa Kasarani, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1839 na Jeanne Jugan, mwanamke maskini aliyempa kipofu mzee kitanda chake mwenyewe. Mji wa Huruma ni ya mji wenyewe. Ile ya Thogoto, ya kanisa la P.C.E.A., ndiyo iliyo jirani na Kawangware. Kutoka Kibera hadi Kasarani yapasa kuuvuka mji wote, kubadili gari na kulipa nauli mara mbili. Mtu wa mbali atadhani hilo ni jambo dogo. Mjukuu asiye na nauli haendi kumtazama bibi yake, na mzee asiyetazamwa na mtu huanza kutendewa kama asiye na mtu.

Je, nyumba hupimwaje? Mwingereza Peter Townsend alifanya kazi ambayo kila mwanachama wa Kamati ya Ziara angefaidika kuifahamu. Katika mwisho wa miaka ya 1950 alizitembelea nyumba za wazee 173 za Uingereza na Wales, na mwaka 1962 akachapisha kitabu juu yake. Sheria ya mwaka 1948 ilikuwa imeahidi kwamba nyumba za maskini za zamani, zenye mabweni marefu na amri nyingi, zitafungwa, na wazee watakaa kama wageni wa hoteli. Townsend alikuta majengo yaleyale ya zamani yangali yakitumika, na wazee wengi wakiwa ndani yake. Hakuridhika na kuhesabu vitanda. Aliuliza pia kama mzee aweza kutoka apendapo, kama ana kabati lenye kufuli, kama ana jambo la kufanya mchana. Miaka minne baadaye, mwaka 1966, Avedis Donabedian aliyekuwa Marekani alieleza kwamba utunzaji hutazamwa kwa njia tatu: vifaa na watu waliopo, kazi jinsi inavyotendwa, na matokeo yake. Kwa hospitali hayo yafaa sana. Kwa wazee, hata hivyo, lile la tatu lina mtego ndani yake, kwa maana katika nyumba nzuri na katika nyumba mbaya matokeo ya mwisho ni mauti. Hatuwezi kuisifu nyumba kwa sababu haina mazishi. Yatupasa kutazama siku zilizotangulia mazishi zilikuwaje.

Niliwahi kuingia katika nyumba moja ambayo sitaitaja. Sakafu iling'aa. Vitanda vilikuwa vimenyooshwa kama vya askari, na kitabu cha wageni kilijaa sifa za wafadhili. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua lingali juu, na wazee wote walikuwa wamekwisha kulazwa. Nilipouliza sababu niliambiwa kwamba wafanyakazi wa mchana hutoka saa kumi na moja na nusu. Bibi mmoja wa Kiislamu alinong'ona kwamba huomba maji ya udhu tangu adhuhuri na kuyaficha chini ya kitanda, kwa sababu baada ya hapo hakuna wa kumletea. Mimi pia, nakiri, nilikuwa nimeandika katika kitabu kile kwamba ni nyumba safi, kabla ya kuzungumza naye.

Tangu siku hiyo nimeshika maswali ambayo hayamo katika fomu. Je, mzee alikuja kwa hiari yake, na nani alimwuliza? Zile shilingi 2,000 zake zimo mikononi mwa nani? Kuna hata mfanyakazi mmoja anayejua Kinubi, au Kiluhya, au Kikamba, kwa ajili ya yule ambaye akili yake imeanza kurudi utotoni na Kiswahili chake kimemtoka? Usiku wa manane akiita, atajibiwa na nani, na baada ya muda gani? Sheria nayo haiko kimya. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema mzee aishi kwa heshima, asidhulumiwe, na apate matunzo kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali, yote mawili pamoja. Itifaki ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, iliyokubaliwa mwaka 2016, inacho kifungu kizima juu ya makao ya wazee, nacho chataka makao hayo yawe ya hiari na yenye bei inayowezekana, na yafikie kipimo kilichowekwa na taifa. Neno hiari ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Mzee wa Kibera asiye na pengine pa kulala, akikubali kuingia, hajachagua kitu.

Kwa hiyo rai yangu, ambayo si rai ya Halmashauri, ni kwamba tusijenge mwaka ujao. Tuanze kwa ziara za vyumbani na ukaguzi usiotangazwa wa nyumba zitakazoturuhusu. Hata hivyo siwezi kuwafumbia macho wanaotaka kujenga. Yuko mzee aliyepooza Gatwekera ambaye majirani zake wote hutoka alfajiri na kurudi usiku, na kwake ziara ya mara moja kwa juma ni mzaha. Kwa watu kama yeye nyumba yahitajika, nayo iwe ndogo, iwe humuhumu, mahali ambapo sauti ya adhana na ya kengele ya kanisa aliyoizoea itamfikia.

Neno moja limebaki, ambalo wakaguzi wengi huogopa kulitaja. Kwa Mnubi, kaburi liko Kibera pamoja na wazazi wake. Kwa mpangaji wa Kawangware liko mbali, na kusafirisha maiti hadi Magharibi au Nyanza ni gharama ambayo huwafilisi walio hai. Katika ziara moja nilimkuta mzee aliyekuwa ameandika kwa chaki nyuma ya mlango wake jina la kijiji chao, jina la chifu wake, na namba ya simu ya mpwa wake. Mvua ilipopenya na kuyafuta, aliomba chaki akaandika tena. Nilimwuliza kama angekubali kwenda kukaa katika nyumba ya wazee. Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza kama huko wataniruhusu kuandika mlangoni.