Kipandauso: Kutoka Kuvu ya Sumu hadi Kidonge cha Daktari

Aliyewahi kushikwa na kipandauso anajua kinavyotesa: upande mmoja wa kichwa unapwita, mwanga unachoma macho, na harufu ya kitunguu kinachokaangwa inatosha kumtapisha. Akiwa katika hali hiyo, dawa ikipatikana humezwa bila maswali. Ila ni dawa chache ambazo mipaka yake ilijulikana kwa gharama kubwa kama dawa za kipandauso.

Habari zake zinaanzia Ulaya, katika Zama za Kati, ambako maskini walikula mkate wa nafaka iitwayo rai. Msimu ukiwa wa baridi na unyevu, baadhi ya punje zake hugeuka vipembe vigumu, rangi ya zambarau inayokaribia weusi. Hiyo ni kuvu ya ergoti, na huibana mishipa ya damu hadi damu isipite. Waliokula unga wake walihisi mwili ukiungua, kisha vidole na miguu ikafa ganzi, ikawa myeusi, ikakatika. Waliuita ugonjwa huo Moto wa Mtakatifu Antonio. Wala haukuishia huko: mwaka 1977 na 1978 uliwaua watu Wollo, Ethiopia, nafaka zao zilipoingiwa na ergoti.

Wakunga walikuwa wameitumia kuvu hiyo kuharakisha uzazi, mpaka daktari David Hosack wa New York alipoonya mwaka 1824 kwamba inaua watoto tumboni. Ndiyo maana hadi leo mjamzito hapewi dawa ya jamii hiyo kwa ajili ya kichwa.

Mwaka 1918 mkemia Arthur Stoll, katika kampuni ya Sandoz mjini Basel, alifanikiwa kutenga kiini cha kuvu hiyo, ergotamini. Kwangu mimi hapo ndipo historia ilipogeuka, kwa kuwa sumu iliyokuwa ikikadiriwa kwa macho sasa iliweza kupimwa kwa miligramu. Mwaka 1938 madaktari Graham na Wolff walionyesha jinsi inavyotuliza kipandauso, na wagonjwa wengi wakapata ahueni. Wengine wakaizoea. Mwaka 1951 madaktari Peters na Horton wa Mayo Clinic, Marekani, walieleza habari za watu waliomeza ergotamini kupita kiasi hadi dawa yenyewe ikawa chanzo cha maumivu.

Patrick Humphrey na wenzake wa Glaxo, Uingereza, walianza mwaka 1972 kutafuta dawa itakayolenga zaidi mishipa ya kichwa. Wakapata sumatriptani, iliyoingia sokoni mwaka 1991. Ilikuwa neema kubwa. Hata hivyo nayo huweza kuibana mishipa ya moyo, kwa hiyo haimfai mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, wala mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Wala haichanganywi na ergotamini ndani ya saa 24. Dawa mpya za jamii ya gepanti, zilizoidhinishwa Marekani kuanzia 2019, hazibani mishipa.

Jambo moja linatugusa sisi moja kwa moja. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za kufubaza VVU, huzuia ini lisiivunje ergotamini. Antibiotiki klarithromaisini na erithromaisini nazo zina hatari hiyo. Ergotamini hujilimbikiza mwilini, na ule Moto wa Mtakatifu Antonio huibuka wodini, kwa mgonjwa aliyemeza kidonge kimoja au viwili tu. Muuza dawa asiyeuliza mteja anatumia dawa gani nyingine anacheza na mguu wa mtu.

Basi, ndugu msomaji, mweleze daktari au mfamasia dawa zako zote, hata zile unazozimeza kwa siri. Weka alama kwenye kalenda kila siku unayomeza dawa ya kichwa: triptani (jamii ya sumatriptani) au ergotamini zikifika siku 10 kwa mwezi, au parasetamoli siku 15, rudi kwa daktari kabla hujanunua nyingine. Na kichwa kikikupasua ghafla kuliko ilivyowahi kutokea, au mkono ukalegea na ulimi ukawa mzito, usitafute kidonge. Wahi hospitali.