Sura Naijua, Jina Limepotea: Dopamini Inavyoamua Nani Utamkumbuka

Umeshuka mat pale steji ya Kitale, bado unatafuta nduthi ya Matisi, halafu msee anakupigia kelele, "Niaje buda!" mkono juu. Sura unaijua, una uhakika kabisa. Lakini ni wa shule? Ni wa kanisa? Ama ndiye yule alikuuzia simu ikadedi baada ya wiki? Unajichekesha tu, unasema "Poa sana, za siku mob?" huku unaomba asikuulize kama unamkumbuka jina.

Hiyo kitu watafiti wanaiita kumbukumbu ya utambuzi, yaani kujua kwamba kitu kilicho mbele yako ushawahi kukutana nacho. Si sawa na kuvuta kitu kutoka kichwani bila kuonyeshwa. Kwa mtihani, swali la kuchagua A, B ama C linatumia utambuzi. Insha inataka ukumbuke mwenyewe. Ndio maana unaweza kusoma noti mara tatu, kila ukurasa unauona ka rafiki wa zamani, halafu karatasi ikifika unaangalia dari. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Hii ningechanuliwa mapema, maze.)

Utambuzi wenyewe uko na sehemu mbili. Kuna ile hisia tupu ya "huyu namjua". Halafu kuna ile inayokuja na stori nzima: tulipatana soko ya Chwele, alikuwa anauza vitunguu, mvua ikatupata. Hii ya pili inategemea sana hipokampasi, sehemu ya ubongo iliyojikunja ndani, moja kila upande, usawa wa masikio. Na hapo ndipo dopamini inaingia.

Kwanza tutoe uongo wa TikTok. Dopamini si "kemikali ya raha" na huwezi kuimaliza kwa wikendi moja ya kuskrol. Ni ujumbe ambao seli zinatumiana, na moja ya kazi zake ni kusema: hii ni mpya, ama hii ina faida, ishike. Seli zinazoitengeneza ziko chache, zimejificha chini katikati ya ubongo. Mwaka 2005, John Lisman na Anthony Grace walieleza jinsi mzunguko unavyoenda. Hipokampasi ikigundua kitu kigeni inatuma habari huko chini, seli za dopamini zinawaka, kisha dopamini inarudi hipokampasi na kusaidia viungo kati ya seli kukazwa kwa protini mpya. Bila hiyo muhuri kumbukumbu inaundwa vizuri tu, lakini saa kadhaa baadaye inafifia.

Hapa ndio wasee wengi hukosea. Wanadhani dopamini inakufanya ushike kitu haraka. Kazi yake kubwa iko baadaye, kwa kukiweka.

Ushahidi upo. Mwaka huo huo wa 2005, kule Magdeburg, Ujerumani, watu walionyeshwa picha, zingine zikiwa ishara kwamba kuna chapaa inakuja. Wiki tatu baadaye, picha za chapaa ndizo walizitambua vizuri zaidi, na ni hizo hizo ziliwasha sehemu ya dopamini wakati wanaziona. Halafu 2012 watafiti wa London wakachukua wazee wa miaka 65 hadi 75, wazima kiafya, wakawapa levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Siku nyingine waliwapa kidonge bandia. Waliangalia picha, kisha wakajaribiwa. Baada ya masaa mawili hakukuwa na tofauti. Baada ya masaa sita, dawa ikaonekana: picha walizitambua vizuri zaidi. Lakini si kwa kila mtu. Waliofaidika ni wale dozi iliwakaa katikati ukilinganisha na uzito wao. Kidogo sana haikusaidia, na nyingi sana pia haikusaidia. Ni ka chumvi kwa mboga.

Ka uko shule, kuna ingine ya Argentina ya 2013. Watoto wa primo walisomewa hadithi, na wengine wakapewa somo jipya, tofauti kabisa na la kila siku, ndani ya saa moja kabla ama baada. Kesho yake hao ndio walikumbuka hadithi vizuri. Somo likiwekwa masaa manne mbali, faida ilipotea. Ubongo wa watoto haukupimwa dopamini, lakini matokeo yanaenda sambamba na ile stori ya muhuri.

Sasa, hiyo levodopa unaijua bila kujua. Mbegu za upupu, ndio, ule upupu wa kumwagia mtu kwa kiti darasani, zina levodopa kibao. Na kuna aina isiyowasha, mucuna, ambayo wakulima wa huku magharibi wamefundishwa kupanda ili kurutubisha shamba. Usikimbie kuzitafuna kabla ya mtihani. Kiwango hubadilika mbegu kwa mbegu, na zinatapisha vibaya.

Levodopa ni dawa ya Parkinson, ugonjwa unaoua zile seli za dopamini polepole. Wakati mikono inaanza kutetemeka, nyingi zishaenda. Wilaya ya Hai, Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la watu kama 161,000 wakapata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini.

Kuka wangu huku Saboti alikuwa hivyo. Tukiingia kwake na kumwambia "mulembe, kuka", alikuwa anatuangalia tu, uso umekauka, hata tabasamu hakuna. Majirani wakasema ni uzee, wengine wakasema kuna mtu amemfanyia kitu. Sisi tukaamua ametusahau. Binamu zangu wakaacha hata kumtembelea, maana utaenda kusalimia mtu hakujui?

Daktari ndiye alitueleza. Parkinson inakaza misuli ya uso, mgonjwa anabaki ka amevaa barakoa. Sauti pia inashuka na jibu linachelewa. Na kwa kumbukumbu, wengi wao hukwama zaidi wakiambiwa wakumbuke bila kidokezo, lakini ukiwaonyesha mtu ama picha, utambuzi huwa umebaki vizuri kuliko vile unadhani. Si kwa wote, na ugonjwa ukikaa miaka mingi mambo hubadilika.

Tulijaribu. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya zamani ya familia, nikanyamaza. Si sekunde tano, ilikuwa karibu dakika nzima. Halafu kidole chake kikaenda polepole, kikitetemeka, kikatua kwa kila sura: huyu, jina. Huyu, jina. Alipofika kwangu akataja jina la utotoni, lile hata mathee alishaacha kuniita. Uso wake haukusonga hata kidogo.

Binamu zangu walirudi Jumapili iliyofuata.