Ushahidi: Ramani Iliyochorwa na Waliokuwapo

Mapema Januari 2008, watu waliokuwa wakivuka mpaka wa Busia kuingia Uganda hawakuwa wachuuzi wa kila siku. Walikuwa Wakenya waliokimbia makwao na kile walichoweza kubeba. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na ghasia zikalipuka papo hapo. Maelfu walipitia Busia na Malaba. Wengi wao wakapokewa katika kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo.

Waliobaki nyuma walitaka kujua njia ipi inapitika na mtaa upi unachomwa. Redio na televisheni hazikuwasaidia sana, kwa kuwa serikali ilikuwa imepiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya habari.

Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa ameondoka Nairobi kurudi Johannesburg, alikuwa akipokea habari nyingi kutoka kwa wasomaji wa blogu yake, Kenyan Pundit, kuliko alivyoweza kuziandika peke yake. Tarehe 3 Januari aliwaomba wataalamu wa kompyuta watengeneze ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Miongoni mwa walioitika ni Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia. Kobia, akiwa Alabama, Marekani, aliandika programu ya kwanza kwa siku chache tu, na kabla ya katikati ya mwezi ramani ilikuwa mtandaoni. Wakaiita Ushahidi.

Utendaji wake ulikuwa mwepesi kueleza, mgumu kutekeleza. Aliyeona tukio alituma taarifa kwa tovuti, kwa barua pepe au kwa ujumbe mfupi wa simu. Wajitoleaji waliisoma, wakailinganisha na habari nyingine, wakatafuta mahali penyewe, kisha wakaweka alama kwenye ramani. Kila alama ilikuwa na maelezo yake: nini kimetokea, wapi na lini.

Kobia alijua gharama ya kuacha mlango wazi bila bawabu. Ndiye aliyeanzisha Mashada, baraza la mtandaoni ambako Wakenya walikuwa wakijadili siasa, mpira na mapenzi. Baada ya uchaguzi, matusi ya kikabila yalimiminika humo kwa kasi iliyowashinda wasimamizi. Mwishoni mwa Januari alilifunga, akafungua ukurasa mwingine, I Have No Tribe, uliowaalika watu kuzungumza kama Wakenya. Mwezi uleule, mtu yuleyule alishuhudia umma ukibomoa baraza, Mashada, na kujenga ramani, Ushahidi. Tofauti kubwa ilikuwa kwa wachujaji: Mashada walikimbizana na maneno yaliyokwisha kusomwa, Ushahidi walihakiki kabla ya kuchapisha.

Mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi tarehe 28 Februari 2008, lakini ramani haikufa. Programu iliandikwa upya ili yeyote aweze kuichukua bure na kuibadilisha, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imetumika kufuatilia vita vya mashariki mwa Kongo.

Jina lake lilivuma dunia nzima baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na Boston, walikesha wakiweka alama kwenye ramani. Ujumbe mfupi wa simu uliotumwa kwa namba 4636 ulikuja kwa Krioli, na Wahaiti waishio ughaibuni wakajitolea kuutafsiri na kutambua mitaa ambayo ramani za kawaida hazikuwa nayo.

Mwaka huohuo, katika kura ya maoni ya katiba ya Kenya ya tarehe 4 Agosti, ulizaliwa mradi wa Uchaguzi, uliotumia programu hiyo kufuatilia upigaji kura na uliorudi tena katika uchaguzi mkuu wa 2013. Kazi iligawanywa: hawa watafsiri, wale watafute mahali, wengine wahakiki. Mwaka 2013 pia Ushahidi ilitunukiwa tuzo ya taasisi bunifu ya MacArthur Foundation.

Wakimbizi wengi wa Mulanda walihamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kiryandongo, Uganda, baadaye mwaka 2008, mbali na mpaka. Programu iliyozaliwa na ghasia zilizowakimbiza bado inapatikana bure, na kila anayeichukua huanza kwa kutafuta watu wa kukaa na kuhakiki taarifa, moja baada ya nyingine.