Lucinda Williams na albamu aliyoikataa ikiwa karibu kukamilika

Mwaka 1995 Lucinda Williams aliingia studio mjini Austin, Texas, na bendi aliyoizoea. Prodyuza alikuwa Gurf Morlix, mpiga gitaa wake wa miaka mingi. Nyimbo zikarekodiwa, kazi ikakaribia ukingoni. Kisha mwenyewe akaikataa.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 42, na albamu yake iliyotangulia, Sweet Old World, ilikuwa imetoka mwaka 1992. Huko nyuma, wakubwa wa kampuni za muziki Los Angeles walimwambia nyimbo zake ni kantri mno, haziwezi kuuzwa kama roki. Nashville nao wakamwambia ni roki mno, haziuziki kama kantri. Miaka ya 1990 mchanganyiko huohuo ukapata jina, kantri mbadala: gitaa la kantri, ukali wa roki na majonzi ya bluzi, muziki ambao redio kubwa za kantri hazikuwa na haja nao. Msomaji wa Kenya aliyekulia kwenye nyimbo za Jim Reeves atalitambua gitaa lile, ila sauti ya Williams haikupigwa pasi. Inakwaruza, na huyavuta maneno kwa lafudhi ya kusini. Mwenyewe ni mzaliwa wa Lake Charles, Louisiana.

Kilichovuruga mambo ni wimbo wa mtu mwingine. Steve Earle alimwalika waimbe pamoja katika albamu yake I Feel Alright, iliyotoka mwaka 1996. Williams aliposikia jinsi Earle na mwenzake Ray Kennedy walivyoinasa sauti yake, zile kanda za Austin hazikumwingia tena masikioni. Akaanza kuzirudia nyimbo zake mjini Nashville. Wimbo mmoja ukavuta mwingine, mwishowe karibu kila kitu kikarekodiwa upya. Morlix akajitoa, na ushirikiano wa zaidi ya miaka kumi ukavunjika. Earle naye ni mtu wa kurekodi chapuchapu, wakavutana. Kanda zikahamia Los Angeles kwa Roy Bittan, mpiga kinanda wa Bruce Springsteen, zikamaliziwa huko. Hata hapo haikuwa mwisho, maana lebo iliyokuwa na haki za albamu iliingia katika misukosuko ya kibiashara, hadi lebo nyingine, Mercury, ilipoinunua albamu hiyo na kuitoa tarehe 30 Juni 1998. Jina lake: Car Wheels on a Gravel Road.

Wakati wa kusubiri, waandishi wa Marekani walimpaka rangi ya mwanamke asiyejua anachotaka. Mimi naona alikijua vizuri kuliko wote waliokuwa chumbani. Springsteen alikaa na wimbo mmoja, Born to Run, kwa takribani miezi sita, akaitwa gwiji. Mwanamke akifanya hivyo, anaitwa msumbufu.

Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu. Mtoto yuko jikoni asubuhi, redio inaimba, wakubwa wanazungumza mambo yao. Baadaye yuko kiti cha nyuma cha gari, familia inahama tena, changarawe zinalia chini ya magurudumu. Hakuna anayemweleza lolote. Baba yake, Miller Williams, alikuwa mshairi na mhadhiri aliyehamahama na familia kufuata kazi za vyuo. Ndiye aliyesoma shairi Bill Clinton alipoapishwa mara ya pili, Januari 1997. Alipomsikia binti yake akiuimba wimbo huo, alimwomba radhi. Williams amesimulia kwamba hadi siku hiyo hakuwa amejua kuwa mtoto yule ni yeye.

Albamu ilipotoka, kelele za ucheleweshaji zilinyamaza. Ilishika nafasi ya kwanza katika kura ya wahakiki ya gazeti la Village Voice ya mwaka 1998, na mapema 1999 ikapata tuzo ya Grammy, tena katika kundi la muziki wa foki wa kisasa. Wenye kantri yao hata hapo hawakumpokea! Ikawa pia albamu yake ya kwanza kufikia hadhi ya dhahabu nchini Marekani, yaani nakala 500,000.

Kama hujawahi kuisikia, usianzie mwanzo. Anza na Drunken Angel, aliomtungia mwanamuziki Blaze Foley, aliyeuawa kwa risasi Austin mwaka 1989. Kisha sikiliza Greenville, ambamo Emmylou Harris anamwitikia.