Irudi Ilivyokuwa Lini?

Mtwara mjini kuna kata inaitwa Reli, na haina reli. Ilikuwepo. Waingereza walianza kuijenga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga, ikatoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea, kisha ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara, ile ya kina kirefu iliyofunguliwa mwaka 1954. Karanga zenyewe hazikuja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, reli iling'olewa kwa sababu haikuwa na mzigo wa kuilipia gharama. Jina likabaki, na watu wa kata hiyo wakaendelea kusafiri kwa namna nyingine.

Historia ya usafiri wa Kusini kwa kawaida huandikwa kwa miradi: reli, bandari, daraja, lami, bomba la gesi. Kila mradi una mwaka wa kuzinduliwa na jina la aliyekata utepe. Lakini kati ya reli iliyong'olewa na lami iliyokuja baadaye ipo miaka karibu 50, na katika miaka hiyo watu walioumwa walifikishwa hospitali, korosho zilitoka mashambani, maiti zilirudishwa kwao kuzikwa. Nani alifanya kazi hiyo? Sehemu kubwa ya jibu ni Land Rover 109, pamoja na mafundi wa uani walioizuia isife. Kwa lugha ya ofisi, uani mwao huitwa gereji bubu. Jina la ajabu kidogo, maana kuanzia saa moja asubuhi nyundo hazinyamazi.

Kabla ya Land Rover, lakini, tuwatendee haki Waingereza wa karanga, maana wao ndio waliofanya kazi kubwa ya kwanza ya kugeuza mashine kuukuu katika mikoa yetu. Mpango ulianza mwaka 1947 na ulitaka kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za pori katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta mapya hayakupatikana, dunia ilikuwa imetoka vitani. Wakanunua matrekta chakavu ya jeshi la Marekani yaliyoachwa Ufilipino. Kampuni ya Vickers kule Uingereza ikachukua vifaru vya Sherman, ikaondoa mizinga na deraya, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Fikiria kifaru kilichotengenezwa kwa ajili ya vita vya Wazungu kinashushwa bandarini, kinaambiwa sasa lima. Mashine zikafa kwa wingi mwaka ule ule wa kwanza. Udongo uliokauka ulizitafuna, spea hazikuwepo, na madereva waliwekwa kwenye usukani kabla hawajafundishwa vya kutosha. Januari 1951 mpango ulifutwa, na mamilioni ya pauni yakaandikwa kuwa hasara.

Vitabu vimeeleza mengi kuhusu mvua, udongo na kiburi. Mimi naongeza jambo dogo: mradi ule ulikuwa na mashine nyingi kuliko mafundi. Miaka iliyofuata Kusini ilikuwa na tatizo la kinyume chake.

Land Rover ilizaliwa wakati ule ule. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, kazi ya Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover. Tukiisoma vizuri, ni gari la nchi iliyofilisika. Uingereza baada ya vita ilikuwa inagawa chuma kwa mgawo, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo viwanda vya ndege vilikuwa nayo ya kutosha. Fedha za mashine kubwa za kukandamizia chasisi hazikuwepo, kwa hiyo chasisi ikaundwa kwa vipande vya bamba bapa vilivyochomelewa pembeni hadi vikawa boksi. Paneli nyingi zilikuwa bapa au zilikunjwa tu, kwa sababu kukunja ni rahisi kuliko kufinyanga. Ile sura ya kabati yenye magurudumu, ambayo leo wengine huiita ya kifahari, ilitokana na ukata.

Na gari lililobuniwa kwa ukata linaweza kutengenezwa na mtu mwenye ukata. Hilo ndilo naliona kuwa siri ya 109 kudumu pwani ya Mtwara. Upepo wa bahari una chumvi. Chuma hapa huliwa kutoka ndani, kimya kimya, mpaka siku mlango wa nyuma unapodondoka Mikindani. Bodi ya aluminiamu husalimika, isipokuwa pale inapogusana na chuma, ambapo hugeuka unga mweupe. Chasisi ndiyo hufa. Lakini kwa kuwa ni bamba nne zilizochomelewa, fundi mwenye bamba, msumeno na mashine ya kuchomelea anaweza kuijenga upya kipande kwa kipande, gari likiwa limeegeshwa juu ya magogo. Jaribu kufanya hivyo kwa gari dogo la kisasa ambalo bodi na chasisi ni kitu kimoja. Namba 109, kwa asiyejua, ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu mita 2.8. Ni nafasi ya kutosha benchi mbili, abiria wanaotazamana, magunia chini ya miguu na mbuzi mmoja mwenye subira.

Zilianza kama magari ya wakubwa. Zilikuwa za serikali, zenye namba za ST, za misheni, za vyama vya ushirika. Zilikwenda kusiko na barabara: kupanda Makonde kuelekea Newala, kuvuka mchanga wa Msimbati, kushuka hadi Kilambo ambako mtu anaiona Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Miaka ya vita vya ukombozi, kuanzia 1964, Frelimo ilikuwa na kambi yake kubwa Nachingwea, na ukanda wote huu ukawa njia ya watu, dawa na silaha. Gari la magurudumu manne yanayovuta yote lilikuwa na kazi zaidi ya moja.

Kwa kaskazini, tulikuwa kisiwa. Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikolea njia ilifungwa kwa wiki, wakati mwingine miezi. Mwenye haraka alipanda ndege, asiye na fedha alisubiri meli. Nilipokuwa nasoma kuhusu hali hii nilikutana na habari iliyonishangaza, ya mbali kabisa na nazi na korosho. Quebec, Canada, theluji nayo ilikuwa ikifunga barabara majira yote ya baridi. Mwaka 1934 mtoto mdogo wa fundi mmoja wa magari, Joseph-Armand Bombardier, alifariki kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumfikisha hospitali. Bombardier alikuwa tayari anahangaika gerejini kwake na magari ya kutembea juu ya theluji. Akaendelea, akatengeneza ya kubeba abiria wengi, na mwaka 1959 akatoa kile chombo kidogo kinachofanana na pikipiki, Ski-Doo. Leo kule wapo watu wanaotumia likizo nzima gerejini kufufua Ski-Doo za miaka ya 1960, wakitafuta rangi ile ile ya njano na stika ile ile ya kiwandani. Theluji yao, tope letu. Tofauti ni kwamba kwao chombo kilibuniwa kwa ajili ya pale pale. Chetu kilitoka kwingine, kikabuniwa upya hapa.

Ubunifu huo ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, vita vya Kagera vikala kilichobaki, fedha za kigeni zikaisha. Spea ikawa kitu cha kusikia redioni. Gari binafsi zilikatazwa kutembea Jumapili alasiri. Magari ya umma yaliyoharibika kifaa kidogo tu yaliegeshwa nyuma ya ofisi, majani yakaota kwenye injini, na mwishowe yakapigwa mnada. Hapo ndipo 109 ilipohama kutoka kwa wakubwa kwenda uani. Bushi zikachongwa kwa tairi kuukuu. Gasketi zikakatwa kwa maboksi. Wazee bado wanasimulia breki zilizotiwa maji ya sabuni, na wanasimulia kwa kucheka, jambo ambalo mimi kama abiria nisingeliweza.

Kisha injini. Ile ya petroli ya lita 2.25 iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa mnywaji. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kumiminika baada ya soko kufunguliwa, mafundi walipata injini za dizeli za Isuzu na Toyota kutoka kwenye magari yaliyogongwa. Lakini injini ya Kijapani haikai kwenye giaboksi ya Kiingereza. Matundu ya bolti hayalingani. Lazima lichongwe bamba la kati, likerezwe kwa kipimo, na shafti ya giaboksi ipate kikombe chake katikati kabisa, maana ikipinda kwa unene wa ukucha klachi haitamaliza mwezi. Kazi hiyo ilifanywa bila michoro. Ukiongeza benchi, paa la bomba na turubai, vyuma viwili vya ziada kwenye springi, unapata gari ambalo halikutoka kiwanda chochote. Dar es Salaam gari la abiria la kukaa mkitazamana liliitwa chai maharage, kwa sababu mlikaa kama mnaokula mgahawani. Kusini tulikuwa na chai maharage inayopanda milima.

Agosti 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa Rufiji, na Mkapa mwenyewe ni mtoto wa Masasi, tusisahau. Katika muongo uliofuata lami ikakamilika hadi Lindi. Hiace na Coaster zikaja, bodaboda zikaingia vijijini. 109 ikawa mkweche, halafu ikawa chuma chakavu cha kuuzwa kwa kilo. Ni wakati huo huo, kama ilivyo desturi ya vitu, ilipoanza kupendwa. Mwaka 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover lililokusanya mamia kwa mamia ya magari kwa nia ya kuvunja rekodi ya msafara iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Bei zikapanda. Watu wa Dar na Arusha wakaanza kuzitafuta hadi huku.

Na mnunuzi ana neno moja: orijino. Anataka injini yake ya kwanza, rangi ya kijani ya kiwandani, mwanga mdogo pale ulipokuwa. Mjomba wangu, fundi wa uani hapa Mtwara, ana 109 ya miaka ya 1970 aliyoinunua mnadani na kuifanyia kazi kwa miaka mingi. Mnunuzi mmoja alikuja, akaizunguka, akaipiga picha, akasema ataichukua kwa sharti irudishwe ilivyokuwa.

"Irudi ilivyokuwa lini, bwana?" mjomba akamuuliza. Hakuwa anatania.

Nimelifikiria swali hilo kuliko mada nyingi za darasani. Kurudisha orijino maana yake ni kung'oa Isuzu, kutupa bamba alilokereza, kukata benchi, kuziba matundu ya paa. Kitakachobaki ni gari lilivyokuwa siku ya kutoka Uingereza, kabla halijafanya lolote hapa. Historia yake yote ya Kusini itakuwa imesafishwa kama kutu. Makumbusho na matamasha hupenda siku ya kuzaliwa ya kitu. Sioni kwa nini siku hiyo iwe na haki kuliko miaka 40 iliyofuata.

Ng'ambo ya bandari, Msanga Mkuu, chombo kikitoboka mbao huondolewa, nyingine huchongwa kufuata ubavu, pamba hupigwa kwenye maungio, mafuta ya sifa hupakwa, chombo hurudi majini. Baada ya miaka mingi huenda mbao ya kwanza haipo hata moja. Hakuna anayesema jahazi si lenyewe, na hakuna anayelipa zaidi kwa lenye mbao za zamani. Angelipa kwa nini, azame? Mafundi wa 109 walikulia kando ya ufundi huo. Nadhani walilitazama gari kama chombo.

Sitaki kumfanya mnunuzi kuwa adui. Fedha anayotaja ingemaliza nyumba ambayo mjomba ameianza na kuiacha kwenye lenta. Na bila wanunuzi kama yeye, 109 nyingi zingekwishayeyushwa. Kwa hiyo wamefika katikati, kwa njia ya kibiashara: rangi itakuwa ya kijani, mbele kutarudishwa taa na wavu kama za zamani, benchi moja itatoka. Injini mjomba amekataa kuigusa. Amesema mnunuzi akitaka ya petroli akaitafute mwenyewe, yeye ataifunga, lakini bamba lake la kukereza abaki nalo.

Mnunuzi amesema atapiga simu masika yakiisha. Gari bado lipo uani, juu ya magogo, nusu ya boneti imekwishapigwa msasa. Chini ya bluu kuna nyeupe, chini ya nyeupe kuna kijivu, na herufi mbili za ST zilizopakwa kwa brashi, bado zinasomeka.